Mstari wa Nne Niliufupisha Mimi

Jumapili, saa tisa alasiri, Kasulu. Mvua ya asubuhi imekatika lakini mawingu hayajaondoka. Vidole vina baridi, nami nimekaa dukani naandika.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama mdogo ninayeishi naye. Karatasi ya maelekezo iliyobandikwa kwenye chumba cha kompyuta shuleni kwetu ina kasoro katika mstari wa nne. Kasoro hiyo niliiweka mimi. Sikuteleza. Niliiweka nikijua.

Shuleni wanajua kwamba niliichapa karatasi ile, kwa sababu mama mdogo ana duka la steshenari hapa karibu na stendi, na kompyuta ya dukani naitumia wateja wakipungua. Hawajui kwamba hata maneno ni yangu. Wanadhani ni ya Mwalimu Khamis.

Kesho mwanafunzi mwenzangu Edina anaweza kurudishwa nyumbani wiki tatu kwa sababu ya mstari huo. Mtihani wa moko, ule wa majaribio, unaanza baada ya siku kumi.

Nianze mwanzo, labda nitajielewa.

Laptop za shule ziko kumi na moja. Zilikuwa za kituo cha kujifunzia katika kambi ya wakimbizi ya Mtendeli. Kambi ilipofungwa zilikaa stoo huko kwetu Kibondo muda mrefu, halafu zikagawiwa mashuleni, nasi tukapata hizo. Zilikuja na kijitabu cha Kiingereza kilicholiwa kona zote na panya.

Mwalimu Khamis ndiye anayesimamia chumba cha kompyuta. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuzitoa betri zote. Laptop hizi ni za zamani kidogo. Unaigeuza mashine, unasukuma vifungo viwili, betri inachomoka. Alizifunga moja moja kwenye gazeti, akazipanga ndani ya kabati la chuma kama mtu anayehifadhi mbegu, akafunga kwa ufunguo. Betri ikikaa ndani ya mashine huku chaja inaingiza moto, alituambia, inachoka na kufa kabla ya siku zake. Mashine itumie umeme wa ukutani moja kwa moja, betri ipumzike.

Hakuna aliyeshangaa. Kasulu nzima inafanya hivyo. Mafundi simu wa stendi wanashauri hivyo hivyo. Betri ya laptop ya mama mdogo iko sandukuni chini ya vitenge. Kwetu kitu cha thamani hutunzwa kwa kutokitumia: vikombe vya wageni, viatu vya Krismasi, betri.

Muhula uliopita Mwalimu alinipa kile kijitabu. Alitaka ukurasa mmoja wa Kiswahili kuhusu namna ya kusasisha mashine, yaani kuiwekea toleo jipya la ile programu ya ndani kabisa, inayoiamsha mashine unapobonyeza kitufe cha kuwasha. Alisema mimi nina subira na maneno.

Kijitabu kilikuwa na onyo moja ndani ya kisanduku cha mistari minene. Nimelisoma mara nyingi mpaka limekaa kichwani. Kwa Kiswahili lingekuwa hivi: kabla ya kusasisha, betri iwe ndani ya mashine na iwe na chaji zaidi ya nusu, na chaja nayo iwe imechomekwa kwenye soketi yenye umeme. Vyote viwili kwa pamoja. Kimoja peke yake hakitoshi, kwa sababu mashine ikizimika katikati ya kazi hii huenda isiwake tena.

Nilielewa maana yake palepale. Umeme ukikatika, betri inadaka. Kama betri haimo, hakuna wa kudaka.

Nilielewa na jambo la pili. Nikiliandika onyo lile lilivyo, ninamwambia Mwalimu Khamis kwamba kabati lake ni kosa. Na Mwalimu Khamis ndiye anayeniazima vitabu vyake mwenyewe, vile alivyokuja navyo kutoka Tanga, na haniulizi nitavirudisha lini. Mara mbili nilikwenda na kijitabu mpaka mlango wa ofisi ya walimu. Mara mbili niligeuka.

Basi nikaandika: "4. Hakikisha mashine imechomekwa kwenye umeme."

Maneno matano. Nilijiambia kwamba ni ufupi, kwamba mwandishi mzuri hupunguza. Hakuna hata neno moja la uongo ndani yake, na hapo ndipo ubaya ulipo. Mtu akiusoma anaridhika. Haoni kwamba kuna chanzo kingine cha umeme kilichotakiwa kuwepo, na kwamba nimekiacha nje kwa sababu ya aibu.

Mwalimu aliusoma ukurasa wote akiwa amesimama. Akasema, "Hapa umeandika. Maneno machache, mtu haulizi mara mbili."

Nilitembea na sifa hiyo wiki nzima.

Jumatano iliyopita Mwalimu alikwenda Kibondo kwenye semina. Ufunguo alimwachia Edina, kiranja wa chumba cha kompyuta. Edina ni rafiki yangu, na sijui kwa nini alinichagua, maana yeye anaongea na kila mtu, hata wapishi. Mimi ananiita Kamusi. Mwalimu alimwagiza asasishe mashine namba moja, ile anayotungia mitihani, akamwambia afuate karatasi ya ukutani, hatua kwa hatua.

Alifuata. Alinisimulia mwenyewe mchana huo, midomo imemkauka. Alichomeka chaja, akaona taa yake imewaka, akaanza. Kazi ilikuwa imepita nusu kioo kilipokuwa cheusi. Alibonyeza kitufe, feni ikazunguka kidogo, ikanyamaza. Tangu hapo mashine haijawaka.

Jioni yake mama mdogo alikuwa akilalamika huku anasonga ugali. Saa tano asubuhi alikuwa anatoa kopi ya cheti cha kuzaliwa cha mteja, mashine ya fotokopi ikasimama katikati na kuitafuna karatasi. Umeme ulikatika, akasema, ukarudi kabla hajafika mlangoni kumuuliza jirani.

Nilibaki nimeshika sahani. Saa tano asubuhi ndiyo saa mashine ilipomzimikia Edina.

Shuleni hakuna aliyeona. Ilikuwa mchana, taa hazikuwashwa, na laptop nyingine kumi zilikuwa zimezimwa. Ni mashine moja tu iliyokuwa ikitumia umeme wakati ule, na ndiyo iliyokufa.

Alhamisi mkuu wa shule, tunayemwita Madamu, alituita kidato cha nne wote kwenye chumba cha kompyuta. Alimsimamisha Edina mbele ya karatasi yangu.

"Soma mstari wa nne."

Edina akausoma.

"Uliichomeka?"

"Niliichomeka, Madamu."

"Hukuichomoa?"

"Sikuichomoa."

"Umeme ulikatika?"

Angeweza kusema ndiyo. Mimi ningesema ndiyo. Edina alifikiri, akasema hakuona ukikatika.

"Basi mashine iliyochomekwa, kwenye umeme ambao haukukatika, ilizimikaje?"

Mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba ilishikwa na malaria, na watu wakacheka. Edina hakucheka. Madamu aligonga ile karatasi kwa kidole, akasema maelekezo yako wazi hata kwa mtoto wa darasa la tatu, na kwamba anachokiona hapa ni mtu aliyechomoa chaja akachomeka simu yake, sasa anaogopa kusema. Mzazi aje Jumatatu. Wiki tatu nyumbani, au ukweli.

Mstari wangu ndio uliomhukumu. Kama nisingeandika chochote, Madamu angelazimika kuuliza zaidi. Lakini karatasi ilikuwepo, fupi, safi, na ilitosha.

Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwa Edina. Nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Ijumaa Mwalimu Khamis alirudi. Tulikuwa wachache chumbani alipoigeuza mashine namba moja. Akaiangalia ile nafasi tupu ya betri. Akainua macho kwenye kabati la chuma. Halafu akaniangalia mimi, na mimi nikamwangalia yeye, nadhani kwa mara ya kwanza bila kuinamisha kichwa. Akaiweka mashine mezani taratibu, akasema atatafuta fundi.

Anajua. Anajua kwamba najua. Hilo ndilo linalonitisha kuliko Madamu.

Sasa nifike leo.

Saa saba mchana basi la Kakonko liliingia stendi, na mwanamke mmoja akaja moja kwa moja dukani kwetu kuomba achajishe simu. Alikuwa amevaa koti la kiume juu ya kitenge, miguuni tope jekundu limekauka. "Mwidiwe," alisema, na mama mdogo akatoka nyuma ya kaunta, wakaanza kusalimiana Kiha, viganja vikigongana polepole, habari za nyumbani, za watoto, za maharage, za mvua, tena za nyumbani. Mwalimu Khamis husema akikuta Waha wawili wanasalimiana, huenda kunywa chai na kurudi bila kukosa kitu. Nilikuwa najisemea hilo na kutabasamu peke yangu mpaka nikasikia neno Gwarama.

Edina kwao ni Gwarama.

Alisema ameitwa shule, mtoto wake ameharibu kompyuta ya serikali. Mama mdogo alisikitika, akasema watoto wa siku hizi mikono yao haitulii. Yule mama akajibu kwamba wa kwake mikono imetulia, ila ulimi ndio haujatulia. Wote wawili wakacheka kidogo. Mimi niliinama chini ya kaunta nikajifanya natafuta bahasha.

Kisha akatoa barua. Mwenyekiti wa kitongoji alimsomea harakaharaka akiwa amesimama na baiskeli, akasema yule mama, naye anataka aisikie tena polepole kabla ya kesho. Mama mdogo akaninyooshea kidole. "Huyu hapa atakusomea. Huyu ni kusoma tu."

Niliisoma. Ilisema mwanafunzi alikiuka maelekezo yaliyo wazi. Ilinukuu mstari wa nne wote, ndani ya alama za kunukuu. Nilisoma maneno yangu matano kwa sauti, mbele ya mama yake Edina, na sauti haikukatika, sijui ilipata wapi nguvu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama nasoma pale pale. Nikasema ndiyo, mama. Akauliza kama namjua Edina.

"Namjua, mama."

"Basi niambie wewe, mwanangu. Edina ni mwongo?"

"Hapana."

Alisubiri. Alinipa nafasi yote ya dunia. Mimi nikakunja barua, nikaifuata mikunjo yake ya zamani, nikamrudishia.

Akachukua simu yake ikiwa na chaji nusu, akaenda kwa shemeji yake huko Murusi, atakakolala.

Ameondoka zaidi ya saa moja sasa, nami niko hapa naandika kwa watu wasionijua. Ningemwambia neno moja tu la pili. Betri. Ningeanza na neno hilo, mengine yangefuata yenyewe.

Nikisema, Edina anabaki. Nikisema, Mwalimu Khamis anaonekana mbele ya mkuu wake kuwa ndiye aliyezitoa betri, na kwamba Ijumaa alinyamaza. Nikinyamaza, hakuna anayejua chochote, na karatasi inabaki ukutani, na mwanafunzi mwingine ataifuata hatua kwa hatua.

Ninaogopa kuongea mbele ya watu. Siku zote nimedhani hiyo ni tabia tu, kama kuwa mrefu au mfupi, haimdhuru mtu. Leo nimeona inaweza kumdhuru mtu.

Mama mdogo ananiita nikafunge dirisha. Naacha hapa.

*

Jumatatu, saa kumi jioni. Jua limetoka. Naendelea pale pale, nisije nikaanza kuipamba.

Asubuhi nilifika kabla ya paredi nikiwa na kijitabu. Mwalimu Khamis alikuwa anafuta vumbi kwenye pikipiki yake. Nikamsalimia, shikamoo, akaitikia, na kabla sijageuka kama kawaida yangu nikafungua ule ukurasa nikamwonyesha kisanduku. Nikamwambia kwamba hili liliandikwa tangu mwanzo, nililiona, na nililiacha kwa sababu niliogopa kumpinga.

Alisoma kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwepo.

"Madamu atauliza nani alitoa betri," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na utamjibu?"

Nilimwambia kwamba jina lake sitalitaja mimi kwanza, lakini nikiulizwa sitanyamaza tena. Alikunja kitambaa chake mara mbili, akasema, "Tangulia ofisini."

Sikujua kama anakuja nyuma yangu au la.

Ofisini walikuwepo Madamu, Edina, na mama yake akiwa na lile koti. Nilibisha hodi, nikaingia, nikasema kwamba mstari wa nne niliuandika mimi na haukukamilika. Madamu aliniambia niongeze sauti. Nikarudia. Akaniambia tena. Mara ya tatu nilisikika. Nikasoma kisanduku kwa Kiingereza, nikakieleza kwa Kiswahili, nikaeleza umeme uliokatika saa tano na fotokopi ya dukani, nikasema mashine ile haikuwa na betri, kwa hiyo hata ungepotea kwa kufumba na kufumbua ingezimika tu. Nikasema Edina alifanya kila kitu karatasi ilichomwambia.

"Nani alizitoa betri?"

Nikafungua mdomo. Nyuma yangu mlango ukafunguliwa. Mwalimu Khamis aliingia amekumbatia vifurushi vya magazeti, akaviweka mezani mbele ya Madamu.

"Mimi, Madamu. Na tangu Ijumaa nimejua."

Madamu alifungua gazeti moja, akaishika betri, akaigeuza kama mtu anayekagua kiazi. Nyumbani kwake, akasema taratibu, laptop yake nayo inakaa hivyo hivyo. Halafu akaichana barua ya Edina. Akamwambia Mwalimu abaki. Mimi alinigeukia akaniuliza siku tano nilikuwa wapi.

Kesho kwenye paredi nitasimama mbele ya shule nzima nieleze nilichokiacha na kwa nini. Hiyo ndiyo adhabu yangu, na Madamu anajua alichochagua.

Mama yake Edina alinifuata nje. Aliniangalia sana.

"Jana ulisoma ile barua ukiwa unajua?"

"Ndiyo, mama."

"Ulisoma vizuri," akasema, akatengeneza kitenge chake, akaenda kumtafuta mwanawe. Bado najaribu kulibeba neno hilo.

Saa za mchana mimi na Mwalimu tulirudisha betri ndani ya mashine moja baada ya nyingine tukazichomeka. Saba zilipokea chaji. Nne hazikupokea hata kidogo. Zilifia humo humo kwenye gazeti, zikipumzika. Mwalimu alizipanga hizo nne dirishani.

Kisha nikabandua karatasi ya zamani, nikakaa kuandika upya kwa mkono, kabla ya kwenda kuchapa. Mstari wa nne sasa una mistari sita. Nimeandika kwamba kuna vyanzo viwili vya umeme, betri iliyo ndani ya mashine na soketi ya ukutani, na kwamba vyote viwili vinatakiwa kwa wakati mmoja. Nimeandika betri iwe imepita nusu, na mahali pa kuiangalia nusu hiyo kwenye kioo. Nimeandika kwamba taa ya chaja ikiwaka haimaanishi betri imo. Nimeandika kwamba mashine zenye betri iliyokufa zisisasishwe kabisa, na nimetaja namba zake.

Edina aliingia nikiwa katikati. Tangu asubuhi alikuwa hajanisemesha. Alisimama nyuma ya kiti changu, akasoma yote, nikasikia anavyovuta pumzi kwa pua kama afanyavyo akiwa na hasira.

"Na kama betri imepita nusu, halafu umeme ukakatika na haurudi?" akauliza. "Mtu afanye nini, aanze kuchomoa vitu? Mimi ningechomoa."

Nikasema asichomoe kitu, asibonyeze kitu, aiache mashine imalize kwa betri.

"Andika na hilo."

Nikaliandika.